Nilipika mimi, wifi akabeba sahani: yaliyonikuta na mama mkwe wangu hapa Likasi

Wakuu wa jukwaa hili la mapishi, nawasalimu wote, mlio jikoni muda huu na mnaosoma huku mnasubiri kuitwa mezani.

Wengi mmeniuliza PM kwa nini nimeacha kuweka picha za chakula. Wengine mkadhani nimehama, wengine nimejifungua. Hapana. Nipo hapa hapa Likasi, nyumba ile ile.

Leo naeleza. Na sitatia chumvi, maana hiki kisa kilivyo kinatosha. Majina tu nimebadilisha, kwa sababu ndugu za mume wangu wamo humu. Kiswahili changu ni cha Katanga, nikiteleza mnivumilie.

Mnakumbuka zile picha nilizokuwa naziita "chakula cha mama mgonjwa"? Sombe, yaani kisamvu kwenu, wali kidogo pembeni, samaki wa mto Lufira wa kuchoma. Mlizipenda sana. Dada mmoja wa Kigoma alinifundisha kukamua limao ili nipunguze chumvi. Kaka mmoja wa Mombasa tulibishana naye kuhusu karanga kwenye kisamvu mpaka mods wakafunga uzi.

Basi yule mama mgonjwa ni mama mkwe wangu. Na muda wote huo hakujua kwamba anayempikia ni mimi.

Ngoja nianze mwanzo.

Mume wangu, tumwite Amisi, ana duka la vipuri vya pikipiki. Kwao ni Kasongo, Maniema, Waislamu toka mababu. Mimi ni Musanga, kabila la hapa hapa, wazazi wangu wakulima upande wa Buluo, Wakatoliki. Kabla ya ndoa nilisilimu. Hakuna aliyenilazimisha. Mama yangu alilia siku moja, siku iliyofuata akanishonea gauni refu la kuendea msikitini. Ndivyo alivyo.

Kwenye harusi yetu mama mkwe alitoka Kasongo akaja. Tulimpeleka kwetu kusalimia. Kufika kwenye lango akakuta nguruwe za baba yangu uani.

Akasimama pale pale. Akakusanya kitenge chake asiguse ukuta. Akakataa kiti, akakataa hata maji. Watu wakasema mama amechoka na safari. Mimi peke yangu ndiye niliyeona macho yake yalikuwa wapi.

Akarudi kwao. Miaka ikapita. Baba mkwe akafariki, mama akaugua sukari na presha, Amisi akasema mama aje tuishi naye. Nikasema aje. Nilimwandalia chumba chenye dirisha la uani, ili apate hewa.

Siku aliyofika nilipika wali, kuku na sombe. Akaangalia sahani akasema, "Asante. Niko na shibe ya njia."

Kesho yake, "Tumbo halijatulia."

Kesho kutwa, "Nimefunga."

Baadaye akaacha hata kutoa sababu. Alikuwa anakula mkate uliotoka dukani, chai aliyojitilia mwenyewe, na ndizi alizomenya mwenyewe. Yaani kitu ambacho mkono wangu haukuingia.

Nikamwambia Amisi. Akasema, "Atazoea. Ni mama, yuko mzee."

Shehe wa mtaa akaitwa. Mtu mwema sana yule. Alikaa kwangu, akala sahani nzima mbele ya mama mkwe, akaomba aongezewe. Kisha akamwambia, "Mama, huyu ni binti wa Kiislamu. Chakula chake ni halali kama changu na chako." Mama mkwe akainamisha kichwa, "Ndiyo, shehe." Shehe alipotoka, mama akaniomba maji ya moto ya chai.

Kwa hiyo wakuu, naomba asitokee mtu wa kuleta ligi ya dini kwenye uzi huu. Dini haikuwa na tatizo na mimi.

Siku moja nikapiga magoti nikamuuliza mwenyewe. "Mama, nimekukosea nini?"

Hakukasirika. Alijibu taratibu, kama mtu anayekueleza njia ya kwenda sokoni.

"Hujanikosea kitu. Lakini mikono yako hii ililelewa pale kwa zile nyama za uani. Nikiona chakula chako, roho inakataa. Nifanye nini?"

Nilikwenda jikoni nikaitazama mikono yangu. Mnajua, nilikuwa sijawahi kuitazama.

Basi mama akaanza kukonda. Dawa za sukari anameza, tumboni hamna kitu. Asubuhi moja akaanguka kwenye mlango wa choo. Tukamkimbiza hospitali, docteur akamwambia Amisi wazi: huyu mama hana shida ya dawa, ana shida ya sahani. Asipokula atawafia nyumbani.

Hapo ndipo anaingia wifi yangu, Mariamu. Mdogo wa Amisi, anauza vitenge sokoni, anakaa barabara ya tatu kutoka kwetu. Alilelewa Likasi na shangazi yake tangu akiwa mdogo sana, kwa hiyo mama yake hajawahi kuishi naye na kuona anavyopika. Shikeni hilo.

Nilimpenda Mariamu. Mcheshi, hana kiburi. Amisi alipomwomba ampikie mama, alikuja kwangu moja kwa moja.

"Belle-sœur, minye sijue kupikia mugonjwa. Kwangu tunakulaka paka bya malewa." Belle-sœur ni wifi, "paka" si mnyama, ni "tu", na malewa ni vile vibanda vya chakula vya barabarani. "Weye njo unajua kupika. Pika, minye nitabeba. Atasema ni mutoto wake amepika, atakula. Tunataka apone tu, hapana?"

Nilifikiri kidogo sana, wakuu. Kuna mtu anakufa njaa kwenye chumba cha pili. Nikasema sawa.

Kupikia kwangu haikuwezekana, harufu ingemfikia. Ikabidi kila asubuhi niende kwa Mariamu na majani yangu kwenye kapu. Yeye anakwenda sokoni, mimi nabaki na mbabula yake, lile jiko letu la makala, yaani mkaa kwenu. Kituo cha Koni kiko huku kwetu kinatengeneza umeme, sisi tunapuliza makala. Tuiache hiyo, ina uzi wake.

Nikimaliza narudi kwangu kwa barabara nyingine. Mchana Mariamu anakuja na sufuria imefungwa kwenye kitenge, anapita mlango wa mbele, anaingia kwa mama. Mimi niko jikoni kwangu, ukuta mmoja katikati.

Siku ya kwanza nilisikia sahani inakwanguliwa.

Halafu sauti yake, "Eh, mwanangu. Hiki ni chakula cha mtu."

Nilikaa kwenye kigoda nikatabasamu peke yangu. Sitadanganya, nilifurahi. Furaha ya mpishi, mnaijua. Sikuwaza kwamba aliyeitwa mwanangu si mimi.

Kisha mama mkwe akaanza kunifundisha.

Siyo mimi, Mariamu. Lakini Mariamu alikuwa ananiletea maneno yote. "Mama anasema sombe haiwekwi kalanga, hiyo ni mambo ya bantu ya huku." "Mama anasema bilinganya uitwange pamoja na majani kwenye kinu, usiikate." "Mama anasema mawese yaingie mapema yaive, usimwagie juu kama marashi." "Mama anasema wali wa Kasongo unafunikwa na jani la ndizi, siyo kifuniko."

Nikawa nafanya. Na wakuu, alikuwa sahihi kwa kila kitu. Ile sombe mliyoniomba recipe mpaka mkachoka ni yake. Nimeijua kwa kuletewa kipande kipande na mdomo wa mtu mwingine, kutoka kwa mwanamke aliyekaa upande wa pili wa ukuta wangu.

Kuna siku alimwambia Mariamu kwamba akiwa mdogo mama yake alikuwa anampikia samaki mkavu kwenye mawese na pilipili nzima isiyopasuliwa, inatoa harufu tu bila kuwasha. Nilizunguka soko zima kutafuta samaki wa namna ile. Nilipika. Mariamu akaniambia mama alikula huku anafuta machozi.

Nilidhani tunakaribiana. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Nilidhani mtu akila mkono wako kwa muda wote huo, kuna kitu kinaingia.

Mama akanawiri. Akawa anatoka barazani. Docteur akafurahi. Mimi nikawa naweka picha humu, nanyi mnanipongeza, nami najibu asanteni kwa niaba ya mama.

Amisi alijua tangu siku ya kwanza. Nikimgusia, anasema, "Mungu anaona."

Sasa mtu akipona anapata nguvu ya kuongea. Mama mkwe akaanza kukaa barazani kwangu na majirani, kuwasimulia. Kwamba muke wa Amisi hajui kumtunza mtu. Kwamba kama siyo Mariamu angekuwa kaburini. Nikipita na ndoo kwenye bomba, wanawake wananyamaza. Mmoja aliniuliza bila kupepesa macho, "Mbona unamwachia mama ya bwana yako njala?"

Nikamfuata Mariamu. "Tumwambie. Amepona sasa. Taratibu, tumwambie."

Akanishika mkono. "Ngoja Idi. Siku ya Idi roho yake itakuwa laini, bantu bote bakiwa pale. Nitamwambia minye mwenyewe. Naapa."

Nikangoja.

Idi ikafika. Nilipika pilau ya mbuzi kwa Mariamu tangu alfajiri, sufuria kubwa ya kuazima, mpaka mgongo ukagoma. Ikabebwa kwetu kama pilau ya Mariamu. Ndugu wakajaa, hata baba mdogo wa Amisi alitoka Lubumbashi, ndiye mkubwa wa ukoo aliyebaki. Wakala, wakasifu, wakaongeza. Mimi nilikuwa naleta maji ya kunawa.

Watu waliposhiba, mama mkwe akaomba wanyamaze.

Akatoa hereni za dhahabu alizovaa siku ya ndoa yake, zimefungwa kwenye kitambaa. Akamwita Mariamu, akamwekea kiganjani.

"Nyumba ninayolala imeninyima chakula," akasema, mbele ya wote. "Mungu akanipa mtoto wa kunilisha. Nikifa mjue, ni huyu aliyeniweka hai."

Baba mdogo akageuka kwangu. "Muke wa Amisi. Umesikia?"

Mimi nilikuwa namtazama Mariamu. Nikasema moyoni, sasa. Sasa ndiyo wakati wake.

Mariamu alikuwa anazitazama hereni. Akasema, "Asante, mama."

Basi.

Nikaweka birika chini. Nikasema, "Mama, anayekupikia ni mimi. Kila siku, ni mimi. Ile sombe, yule samaki wa pilipili nzima, na pilau hii. Muulize Mariamu."

Mama mkwe akamgeukia binti yake, "Kweli?"

Mariamu hakuniangalia. "Alikuwa ananisaidia siku ingine. Kumenya vitunguu."

Kumenya vitunguu, wakuu.

Nikamgeukia mume wangu. Huyu anajua, nikawaza, huyu ameona kapu langu kila asubuhi. "Amisi, sema."

Alitazama sahani yake. Sahani haikuwa na kitu tena, alikuwa amemaliza. Akasema, "Tusiharibu sikukuu."

Kuna maneno mtu anakwambia yanabaki mwilini kama ugonjwa. Kwangu ni hayo. Nimeolewa naye bado, nalala naye chumba kimoja, na kila akifungua mdomo nayasikia yale.

Baba mdogo akaanza kuniongelea kuhusu heshima na kuhusu wivu. Mama mkwe akamkatisha. Alikuwa mtulivu.

"Mwache. Kesho Mariamu atapika hapa, uani, mbele yangu."

Nikalala na matumaini. Nilijua Mariamu hawezi hata kujua maji ya sombe yanakauka lini.

Kesho yake akaja. Uso umemvimba, sijui alilia. Nami nilikaa kwenye ngazi ya jikoni, sikugusa kitu.

Alitwanga majani nusu nusu, vijiti vinaonekana. Bilinganya akaikata kwa kisu. Mawese akayaunguza mpaka moshi mweusi ukajaa uani. Chumvi akatia, akasahau, akatia tena. Wali ukashika chini. Mama mkwe alikuwa kwenye mkeka wake anatazama yote.

Akapakuliwa.

Tonge la kwanza akaliweka mdomoni. Akaacha kutafuna.

Akainua macho. Hakumtazama Mariamu. Alinitazama mimi, kwa muda mrefu, macho kwa macho, tangu aje nyumbani kwangu hajawahi kunitazama hivyo. Alijua. Naapa kwenu kwamba alijua, kila kitu, mpaka yule samaki.

Kisha akashusha macho akachukua tonge la pili.

Akala yote. Sombe ile yenye vijiti, yenye chumvi mara mbili, mtu mwenye sukari na presha. Akala mpaka akapangusa sahani kwa vidole. Halafu akamwambia Mariamu, "Iko tamu, mwanangu."

Sikulia. Niliingia jikoni nikaosha vyombo vilivyokuwa visafi.

Hadi siku ile nilikuwa naamini kwamba shida ni chakula. Kwamba nikipika vizuri zaidi, nikijua siri zaidi, siku moja nitafika. Pale ndipo nilipoelewa kwamba alikuwa tayari kula moto kuliko kusema asante kwangu.

Wiki ile ile akahamia kwa Mariamu. Amisi ndiye aliyebeba godoro. Mama alipotoka langoni alinisalimia vizuri tu, kama mtu anayeaga mwenye lodge.

Haukupita muda, Mariamu akaja kwangu. Alikonda naye. Akakaa nje kwenye tofali, hakutaka kiti.

"Belle-sœur, mama haikule. Nilimununulia malewa, anakataa. Nilipika, anakula kidogo anatapika. Kuya upike."

Nikamuuliza, "Na utasema nani amepika?"

Akalikaza fundo la kitenge chake. Halafu akasema kwa sauti ndogo, "Yeye mwenyewe njo amenituma. Anasema ukuye, lakini upite mulango ya nyuma. Na akikuwa ndani usiingie. Anasema hataki kukuona, anataka tu kula."

Nilimwomba arudie. Akarudia, anatazama chini.

Ninyi mngefanya nini? Ninauliza kweli.

Mimi nilimwambia hivi. "Mwambie mama kwangu kuna sahani yake kila mchana. Aje ale, au anipigie simu aniombe kwa mdomo wake. Hata neno moja tu. Lakini mlango wa nyuma sipiti tena."

Mariamu akaniambia, "Ni mugonjwa, belle-sœur."

Nikasema najua.

"Hereni nitakupa weye."

Nikamwambia aondoke kabla sijasema kitu kibaya.

Simu haijapigwa mpaka leo ninapoandika. Amisi anakwenda kumwona kila jioni, akirudi haniambii kitu, anakula bukari yake, ugali kwenu, na kuingia kulala. Juzi tu ndiyo alisema, "Mama anapungua. Ujue." Alivyosema utafikiri mimi ndiye ninayemtafuna.

Nikamjibu, "Ungesema siku ya Idi."

Mama yangu mzazi yeye anasema niende. "Pita hata dirishani, mwanangu, mupikie, ni mama ya muntu." Dada yangu anasema nisithubutu. Shehe nilimwendea, akasema subira ni nzuri lakini hata yeye hawezi kuniamuru. Akaongeza kwamba atakwenda kuongea na mama. Alikwenda. Mama mkwe akamjibu, "Ndiyo, shehe."

Ndiyo maana sipost, wakuu. Nikifungua simu nakuta picha zenu, "leo nimempikia mama mkwe," mikono miwili kwenye sahani moja, mnacheka. Nafunga. Sombe yenyewe siku hizi naipika kwa ajili ya Amisi tu. Mimi nakula mkate.

Nilichojifunza: usikubali mtu abebe sahani yako kwa jina lake, hata kwa nia njema, hata kwa mgonjwa. Utadhani unaokoa mtu, kumbe unamsaidia kutokukuona. Na ukiwa na mume, mwangalie siku ya kusema neno moja kama analisema. Msijifariji na mengine anayoyafanya vizuri.

Sasa uwanja ni wenu. Nisemeni au nipozeni, nimejiandaa kwa yote. Wale wa "ni mzazi, shuka chini", nawasikia, mama yangu kaniambia yote hayo.

Ila usiku nikiwa macho siwazi kama nina haki. Nawaza kwamba kule barabara ya tatu kuna mtu ana njaa ya chakula changu, na ananichukia kwa njaa hiyo, na mimi namjua ulimi wake kuliko watoto wake wanavyomjua.

Na makala ninayo. Na majani nimechuma leo asubuhi, yako pale kwenye kapu, yanaanza kunyauka.